KUKISIA VITU VINGI NA MASAFA MAREFU KWA HATUA, DEBE NA PISHI



Katika mkutano wetu wa mwisho liliulizwa swali ambalo halikupata jawabu ya kutosha, maana wakati ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wakitaka kuwahi sala. Swali lenyewe ni hili: mwenye shamba afanye nini asipunjwe anapokodisha mikarafuu yake hali karafuu zingali juu ya miti? Anayekodi huja, huzunguka shambani, hutazama juu, hutia hesabu yake moyoni. Mwenye shamba naye hutazama. Kisha hupatana juu ya fedha. Lakini wawili hawa si sawa. Anayekodi hukisia mashamba thelathini kwa msimu, ndiyo kazi yake, na jicho lake limekwisha zoea. Mwenye shamba hukisia shamba moja mara moja kwa mwaka, na pengine siku ile ile anadaiwa fedha za skuli za watoto.

Niliahidi kuliandikia jambo hili. Nalo si gumu. Mtu aweza kukisia kitu kikubwa sana kwa kitu kidogo alicho nacho nyumbani, hatua yake, debe lake, hata kidole chake, na asikosee sana. Sharti ni moja: akijue barabara kile kitu kidogo, kwani kosa lililomo ndani yake litazidishwa pamoja na hesabu yote.

Naomba mnivumilie nianzie mbali, Mtinko, katika mkoa wa Singida, kwa sababu huko ndiko nilikoliona jambo hili likitumika kila siku. Dada yangu ameolewa huko, na mwaka jana nilikaa kwa shemeji siku kumi na mbili wakati wa kuvuna alizeti. Mtinko hakuna mkarafuu hata mmoja. Ukitoka mjini Singida wapita Ilongero ndipo ufike, na nchi yenyewe ni kavu, yenye majabali makubwa. Mvua ya mkoa ule kwa mwaka huwa baina ya milimita 500 na 800. Sisi Pemba twapata zaidi ya mara mbili ya hizo. Watu hulima mtama, uwele, alizeti na vitunguu. Frasila hawaitumii. Vipimo vyao ni hatua, sado, debe na gunia.

Tuanze na hatua. Mtinko, kama sehemu nyingi za Bara, ekari ni hatua 70 kwa hatua 70. Hesabu hii haikuokotwa. Ekari moja ni wari za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa hiyo mtu ambaye hatua yake ni wari moja kamili, yaani sentimita 91, hukosea kwa wari 60 tu. Aliyeianzisha alikuwa mtu mwerevu. Lakini wari moja ni hatua ndefu, nayo yataka mtu ajitanue. Mtu wa kimo cha kadiri akitembea kwa kawaida yake hupiga hatua ya sentimita 70 au 75, na akijitahidi hufika 80. Tuchukue hiyo 80. Hatua 70 ni mita 56, na mita 56 mara 56 ni mita za mraba 3,136. Ekari kamili ni 4,047. Zimepotea mita za mraba 911, karibu robo ya shamba! Hatua ilipungua kwa kiasi cha sehemu moja katika nane, lakini shamba limepungua kwa karibu mara mbili ya hivyo, maana upungufu uliingia katika urefu ukaingia tena katika upana.

Na huko kulima kwa maksai au kwa trekta hulipwa kwa ekari. Shemeji aliniambia huku akicheka kwamba mwenye trekta siku zote huwa na miguu mifupi, na anayeuza shamba vile vile. Anayenunua ndiye mwenye miguu mirefu. Yeye mwenyewe ameiondoa fitina hii kwa njia rahisi. Amepigilia vigingi viwili mbele ya nyumba yake, baina yao mita 50 kamili zilizopimwa kwa utepe wa fundi seremala. Huenda na kurudi kwa mwendo wake wa kawaida, bila ya kujilazimisha, na huhesabu. Hatua zake ni 62. Basi hatua yake moja ni sentimita 81 kasoro kidogo, na upande wa ekari, ambao ni mita 63 na nusu na kidogo, kwake ni hatua 79 wala si 70. Kila mwanachama aweza kufanya hivi kwake, na afanye tena baada ya miaka michache, kwani hatua ya mtu wa miaka thelathini si hatua yake akifika sitini.

Kwa masafa marefu zaidi, baiskeli ni bora kuliko mguu. Gurudumu la inchi 28, lile tulizoea sote, likizunguka mara moja huenda mita 2 na sentimita 20 hivi. Usikubali neno langu. Tia alama ya chaki kwenye mpira na chini, isukume mpaka alama irudi chini, pima. Kisha funga kitambaa chekundu kwenye spoku moja, nenda ukihesabu. Upande wa ekari ni mizunguko 29. Kilomita moja ni mizunguko 455 hivi.

Yapo masafa yasiyoendeka kwa mguu wala baiskeli, kama vile ng'ambo ya bonde, au jahazi lililo nje ya bandari. Hapo chombo chako ni kidole gumba. Nyosha mkono mbele, simamisha gumba, fumba jicho la kushoto, ulinganishe gumba na kitu unachokitazama. Sasa, bila ya kutikisa mkono, fumbua la kushoto ufumbe la kulia. Gumba litaonekana limeruka kando. Kisia limeruka umbali gani huko kwenye kitu chenyewe, uzidishe kwa kumi. Jawabu ndiyo masafa yaliyopo baina yako na kitu kile. Sababu yake ni kwamba mwanya baina ya macho yetu mawili ni kama sehemu moja katika kumi ya urefu kutoka jichoni mpaka kwenye gumba la mkono ulionyoshwa, na hilo ni kweli kwa mtu mfupi na mrefu, maana mwenye mkono mrefu kwa kawaida na macho yake yameachana zaidi kidogo.

Tulijaribu Mtinko kwa lori lililokuwa likipakia alizeti ng'ambo ya bonde. Gumba liliruka kiasi cha malori matatu. Lori lile lilikuwa na urefu wa mita 8 hivi, kwa hiyo mita 24, na mara kumi ni mita 240. Tulipokwenda kwa miguu tukahesabu, zilikuwa mita 255. Kwa baharini fanyeni vivyo hivyo: jahazi la mita 15, gumba likiruka majahazi manne, umbali ni mita 600. Mkitaka kujua kosa hutokea wapi, hutokea katika ule urefu wa lori au wa jahazi. Ukidhani jahazi ni la mita 20 na kumbe ni la 15, masafa yote yamekosewa kwa thuluthi.

Na kwa kuwa tumegusa bahari, nitaongeza moja. Mtu aliyesimama ufukoni, macho yake yakiwa mita 1.7 juu ya maji, ule mstari wa mwisho wa bahari anaouona hauko mbali kama watu wanavyodhani. Ni kilomita 4.7 tu, pungufu ya maili tatu. Akipanda kilima cha mita 30 huona karibu kilomita 20. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliupima urefu wa mlima mmoja karibu na ngome ya Nandana, ambayo leo iko Pakistan, akapanda juu yake, akapima jinsi mstari huo ulivyoinama chini ya usawa wa macho yake, na kwa vitu hivyo viwili akakokotoa ukubwa wa dunia nzima. Alianza na kipimo kidogo alichokijua barabara.

Sasa tuje kwenye vyombo vya kujazia. Debe la asili ni bati la mafuta ya taa la galani nne, nalo huingia lita 18 na kidogo. Ndoo za plastiki za siku hizi ni za lita 20. Zote mbili huitwa debe, na bei huwa moja. Katika madebe 100, tofauti ya hizo mbili ni lita 180, yaani madebe tisa mazima ya plastiki. Sado nayo imepata jina kwa mkebe wa rangi wa Sadolin wa lita 4, na sado tano hujaza debe la lita 20. Debe la mahindi hufika kilo 15 au zaidi, la alizeti hukaribia nusu yake tu, kwa kuwa alizeti ni maganda matupu na hewa nyingi. Kwa hiyo debe halisemi uzito mpaka useme ndani yake mna nini.

Lakini kubwa zaidi ni kichuguu, yaani ile nafaka inayopandishwa juu ya mdomo wa chombo. Mnunuzi huipenda, naye huiona kuwa ni adabu ya muuzaji. Mimi na shemeji tulijaza debe la mahindi kwa kichuguu, tukalipangusa kwa kijiti mpaka likawa sawa, na zile zilizoanguka tukazipima: lita moja na kidogo. Kwa debe moja si kitu. Kwa madebe 20 ni debe zima limekwenda bure, na kwa mkulima wa madebe 200 ni madebe kumi. Chombo chembamba na kirefu hubeba kichuguu kidogo. Chombo kipana na kifupi hubeba kikubwa. Basi mwenye kukuletea beseni pana badala ya debe, mtazame vizuri. Gunia la lumbesa, ambalo hushonewa wavu juu likavimba kama mwenye mimba, ni kichuguu hicho hicho kilichotiwa uzi. Wakala wa Vipimo imelikataza, na gunia lisizidi kilo 100, ila katika vitunguu bado lumbesa huonekana.

Debe lina matumizi mengine ambayo yalinipendeza mno, ingawa kwetu hatuna shida hiyo. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Paa la bati la mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 20, maji yaliyoanguka juu ya paa ni lita 1,600, yaani madebe 80. Dada yangu huchota kisimani debe moja kwa safari moja. Nilipomfanyia hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akamwita mumewe waje wazungumze habari ya mfereji wa bati na tangi.

Haya ya debe na kichuguu yanatuhusu sisi kwa sababu ya pishi. Sote twajua vibaba vinne ni pishi moja, kama ambavyo mudi nne ni saa moja katika zaka ya fitri. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Je, pishi ya shamba lako na ya jirani yako ni moja? Nimeziona pishi za mbao zilizochongwa pana mdomoni, na karafuu mbichi, kwa vile zina vikonyo, hupanda kichuguu kirefu kuliko mahindi. Malalamiko ya wachumaji juu ya pishi hayakuanza jana. Nasema wazi, ijapokuwa wengine hawatafurahi: Suratul Mutaffifina tunaisoma tukiwafikiria wanunuzi na mizani yao, na mwenye shamba mwenye pishi nene yumo ndani yake vile vile. Kuipima pishi hakuna gharama. Tandika mfuko mwembamba wa nailoni ndani ili maji yasivuje, mimina maji kwa chupa ya lita moja na nusu, hesabu. Kisha fuata desturi moja, ama ya kupangusa ama ya kichuguu, na wachumaji waambiwe tangu siku ya kwanza ya dago.

Sasa twafika kwenye kuhesabu vitu vingi visivyoshikika. Adui mkubwa wa uwele na mtama huko Singida ni kweleakwelea, ndege wadogo wanaokuja kwa makundi kama moshi. Wataalamu husema ndege mmoja hula kiasi cha gramu 10 kwa siku. Kitu gani hicho? Lakini ndege laki moja ni kilo 1,000, magunia kumi kila siku. Ndege milioni moja ni magunia mia. Kwa hiyo ni lazima kujua kundi ni kubwa kiasi gani, ili ijulikane kama watu wa kufukuza kwa kelele na makopo watatosha au iombwe ndege ya kunyunyizia dawa. Wanaojua kazi hii hawajaribu kulihesabu kundi lote. Huhesabu ndege hamsini hasa, hutazama hamsini hao wamechukua nafasi gani, labda kama ukucha wa gumba kwa mkono ulionyoshwa, kisha hutafuta kucha ngapi zitalifunika kundi. Hufanya hivyo mahali palipojaa na mahali palipo na uwazi, maana kundi haliwi sawa kila upande.

Niliambiwa tujaribu kwa macho matupu kwanza. Mimi nilisema elfu tatu. Kijana mmoja wa hapo, aliyezoea, alisema elfu kumi na mbili, na kwa hesabu ya ukucha tulipata elfu kumi na moja. Ndivyo lilivyo jicho la binadamu: kitu kikiwa kingi mno, hulipunguza. Wenye mikarafuu na walifikirie hilo.

Turudi basi shambani kwetu. Mfano huu nimeutunga ili hesabu ionekane. Tieni tarakimu za mashamba yenu. Mtu ana mikarafuu 60 yenye kuzaa mwaka huu. Akitazama hivi hivi asema, "Haipungui frasila ishirini." Anayekodi amwitikia upesi kwamba ishirini ni nyingi, lakini kwa udugu atakubali. Mwenye shamba akitaka kujua ukweli, kwanza aigawe miti yake kwa mafungu: mikubwa 15, ya kadiri 30, midogo 15. Afanye kwa kupita kila mstari na kuhesabu, asikisie hapo. Kisha katika kila fungu achague miti miwili au mitatu, asichague iliyo njiani wala iliyomfurahisha, bali mathalani kila mti wa kumi anaoufikia. Mti mzima hauna haja ya kuchumwa. Achume tawi moja kubwa lililo la kadiri, achambue makonyo yote, apime karafuu zake mbichi, na ahesabu matawi mangapi katika mti ule yanalingana nalo. Tawi likitoa kilo 2, na matawi ni 12, mti una kilo 24.

Tuseme amepata mti mkubwa kilo 45, wa kadiri kilo 24, mdogo kilo 9. Mikubwa 15 ni kilo 675. Ya kadiri 30 ni kilo 720. Midogo 15 ni kilo 135. Jumla kilo 1,530 za mbichi zilizochambuliwa. Karafuu mbichi zikikauka hubaki thuluthi yake hivi, kwa hiyo kavu ni kilo 510. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16. Basi shamba lina frasila 32 hivi. Aliyesema ishirini alikuwa akitoa frasila 12 bure, kilo 190 na ushei za karafuu kavu, na kushukuru juu yake.

Yuko na wa upande wa pili. Aliyechuma mti mmoja tu ulio mlangoni pake, ulio mkubwa na ulionona kwa samadi ya mbuzi, akazidisha 45 kwa 60, atapata kilo 2,700 mbichi na atadai frasila 56. Hakuna atakayemkodi, karafuu zitapevuka mpaka ziwe mpeta, na hasira yake haitamsaidia.

Katika mfano wetu, ningemshauri mwenye shamba aandike hesabu mbili, ya chini frasila 27 na ya juu 37, kwani matawi hayalingani sawasawa na thuluthi ile ya kukausha hubadilika kwa hali ya hewa. Kutoka hapo aondoe ujira wa kuchuma na kuchambua, majamvi, ulinzi, na hatari ya mvua kuziloweka karafuu zikiwa zimeanikwa. Mambo haya yote yatakuwa juu ya anayekodi, naye ana haki ya kuyakata. Kinachobaki ndicho cha kupatania. Asiyetaka kupatana peke yake amwite mjumbe wa tawi lake, hesabu ikiwa imeandikwa kwenye karatasi.

Mizani ya Chama iko afisini, na utepe wa mita 50 uko pia. Kila Jumamosi asubuhi mpaka uchumaji uanze, mwanachama aweza kuleta pishi yake ipimwe bila ya malipo, na ujazo wake uandikwe kwa rangi ubavuni. Wenye kutaka utepe kwa ajili ya kupigilia vigingi vya hatua wauazime kwa siku moja na waurudishe ukiwa mkavu.

Katibu